Siku moja maishani mwangu: kumbi la nazi, ndoo na sabuni ya nazi katika skuli ya Mji Mkongwe

Saa 10:30 alfajiri

Naamka kabla ya adhana, mazoea ya miaka. Nikishasali natia chai kwenye chupa, muhogo wa jana kwenye bakuli, na chini ya kikapu cha ukindu napanga vipande vinne vya sabuni ya nazi niliyoipika mwenyewe. Vinne hivyo vinanifikisha wiki nzima katika skuli ya madarasa kumi na mawili. Nakaa Bububu. Asubuhi ni mhudumu wa usafi katika skuli moja ya Mji Mkongwe, mchana nasafisha ofisi ya umma iliyomo ndani ya jumba la kizamani hatua chache kutoka hapo. Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kazi hii, na naipenda.

Saa 11:45

Nashuka Darajani, sokoni. Samaki wanateremshwa, barabara imelowa. Nanunua ukwaju wa kazi ya mchana, naingia vichochoroni.

Saa 12:10 asubuhi

Mwenzangu ni kijana wa kike, ana miezi miwili tu kazini. Ananiita mama, nami namwita mwanangu. Leo nimemkuta keshafika, keshajaza ndoo, na ameshika dumu la klorini, dawa ya kuulia vijidudu, anamimina. Namimina mimi chai vile.

"Mwanangu, unapima kwa jicho?"

"Mama, nimeona uchafu mwingi, nikasema niongeze kidogo."

Nikamwambia aweke dumu chini, tukafungue madirisha kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya mwanzo kila siku, kabla ya fagio wala tambara. Darasa limefungwa tangu jana jioni, lina joto na vumbi la chaki, na chochote tutakachotia kwenye maji tutakivuta sisi wenyewe kabla ya mtoto yeyote kuingia. Madirisha yalipokuwa wazi nikamkalisha kwenye baraza nikamhadithia yaliyonipata mimi.

Ilikuwa 2016, kipindupindu kimetanda Unguja, kila mahali ni klorini. Nilikuwa nafanya kazi mahali pengine wakati huo. Choo kimoja kilikuwa na madoa sugu, nikamwaga dawa ya choo, ile yenye asidi, nikaona haitoshi, nikaongeza klorini juu yake. Chumba kidogo, dirisha limezibwa kwa ubao. Nilichokumbuka baadaye ni koo kufunga kama nimeshikwa kwa mkono, na macho kuwaka. Nilitoka kwa kutambaa. Wiki mbili nilikohoa usiku kucha. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya klorini, na kwamba hata mkojo uliolala chooni una amonia inayoweza kutoa gesi nyingine ya kuchoma ikimwagiwa klorini. Siki na ndimu pia ni asidi. Kwa hiyo wale wanaosema "mimi natumia vya asili tu, nachanganya siki na klorini kidogo" wanajitafutia balaa lile lile.

Kijana alinyamaza. Akauliza, "Sasa mbona bado tunayo hapa?"

Tunayo kwa sababu ina mahali pake. Tatizo ni kuitumia kila mahali.

Saa 12:40

Madarasa. Hapa hamna dawa kabisa. Tunanyunyiza maji kidogo sakafuni ili vumbi lisipae, tunafagia kwa ufagio wa chelewa, kisha tunapiga deki kwa maji ya sabuni. Sabuni naiparuza usiku na kuiyeyusha kwenye maji ya moto, asubuhi inakuwa kama uji mzito; kata moja kwa ndoo inatosha. Maji ya kisima chetu ni ya chumvichumvi, sabuni nyingi zinagoma humo, povu halitoki na zinaacha ukoko mweupe sakafuni. Ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana zamani mabaharia waliitumia.

Madawati tunayapangusa kwa vitambaa vya bluu. Vyekundu ni vya choo, na havikutani hata kwenye kamba ya kuanikia. Nimeligombania jambo hili kuliko yote, kwa sababu tambara lililotoka chooni likapita juu ya dawati limeshaharibu kazi yote, hata uliloweke katika dawa ya aina gani.

Saa 1:15

Vyoo, dakika kumi na tano kabla ya kengele. Kumbi la nazi nimeliloweka tangu jana, limelainika, nyuzi zimesimama. Nasugua kwa sabuni kwanza, pembe kwa pembe, hasa nyuma ya mlango ambapo mikono midogo hushika. Namwaga maji. Hapo ndipo kijana analeta ndoo ya klorini iliyopimwa: kikopo cha mililita 200 nilichokitia alama kwa msumari, katika ndoo ya lita 10. Dumu letu limeandikwa asilimia 5, kwa hiyo ndani ya ndoo inabaki asilimia 0.1. Tunapaka vitasa, bomba na sakafu, tunasubiri dakika kumi, tunasuuza.

Ukianza na klorini juu ya uchafu, uchafu ndio unaoila dawa, vijidudu vinabaki. Watu wakiona haifanyi kazi huongeza, na wakiongeza ndipo vifua vinapoumia. Na maji yaliyochanganywa asubuhi hatuyaweki mpaka kesho, maana joto na mwanga huyapunguza nguvu. Tena hatutii dawa yoyote kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Saa 4 asubuhi

Mapumziko. Nilikuwa nimeshika muhogo wangu wakati mtoto wa darasa la pili alipokuja mbio: "Shikamoo bibi, mwenzetu ametapika!"

"Marahaba mjukuu wangu, kimbia umwambie mwalimu awatoe wote nje."

Hapa sikutafuta sabuni ya nazi. Matapishi ndiyo mahali pa klorini kali: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, asilimia 0.5. Nikavaa glavu, nikafunika kwa tambara kuukuu, nikamimina taratibu pembeni kuelekea katikati ili isiruke, nikangoja dakika kumi nimesimama mlangoni. Nikazoa, nikamwaga tena, nikasuuza mara mbili. Darasa lilikaa wazi mpaka harufu ikaisha. Visiwa hivi vimeshaonja kipindupindu si mara moja, na mtu akiniambia klorini itupwe yote baharini kwa jina la mazingira, sitamsikiliza.

Katika darasa hilo mna mtoto wa kike mwenye pumu. Alikuwa akikaa nyuma kabisa karibu na mlango kwa sababu harufu ya sakafu ilimbana kifua kila Jumatatu, tulipokuwa tunadeki kwa dawa zenye pafyumu. Sasa anakaa dawati la pili. Leo nilimwita kando mwenyewe, nikamwambia abaki barazani na mwalimu mpaka nitakapomwita. Alirudi darasani saa 5 kasoro.

Saa 6:20 mchana

Mkondo wa asubuhi unatoka, wa mchana unaingia. Tunayo nusu saa, tunafagia tu na kupangusa.

Mwalimu mmoja, kijana anayesoma sana, alinisimamisha. Aliniambia Marekani huko jimbo la New York lilipitisha sheria 2005 kwamba skuli zitumie bidhaa za usafi zisizodhuru afya na mazingira, na Illinois ikafuata 2007. Ulaya nayo ina nembo yenye umbo la ua tangu 1992, inayobandikwa kwenye bidhaa zilizopimwa.

"Bi mkubwa, wewe umeanza bila sheria," akasema.

Nilifurahi, lakini nilimwambia ukweli. Kwenye madumu ninayoletewa mimi hakuna nembo ya ua wala ya jani. Ninachoangalia ni haya: limeandikwa kilichomo ndani au halikuandikwa? Linachoma mkono? Lina harufu kiasi gani? Hapa mjini hata sabuni ya maji inayopikwa mitaani, ya slesi na salfoniki, kemikali za kusafishia na kutoa povu, inatiwa pafyumu mpaka macho yanatoka machozi, kwa sababu mnunuzi ananusa kabla ya kuuliza. Nyumbani kwangu nafukiza udi, na asmini natunga. Watoto hamsini katika chumba kimoja ni jambo jingine. Wenyewe hawakuchagua kuinusa.

Mwalimu mkuu alikuwa wa mwisho kukubali tupunguze dawa na harufu zake. Mgeni akija, alisema, atajuaje kama pamesafishwa? Nilimpitisha kidole chake mwenyewe juu ya fremu ya dirisha. Hakusema kitu, ila muhula uliofuata alisaini maombi yangu: madumu mawili ya klorini badala ya manane.

Saa 8 mchana

Ofisini. Jumba ni la mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba. Misumari naisugua kwa ukwaju uliorojeka kidogo kwa maji, kwa tambara, mmoja mmoja. Kijani kinatoka, shaba inafunguka rangi yake ya manjano. Halafu nasuuza na kukausha, na chini natandika gazeti.

Kijana aliuliza gazeti la nini, si ukwaju tu? Kipande cha plasta ya zamani kilikuwa kimeanguka ukumbini. Nikakiweka kiganjani mwake, nikaomba ndimu kwa mama anayeuza chai pale nje, nikadondoshea tone moja. Tone likachemka. Vipovu vyeupe, sauti ndogo kama mafuta ya kukaanga kwa mbali, na lilipokauka palibaki kishimo.

"Inakula ukuta?"

Inakula ukuta. Asidi yote inakula chokaa, ya ndimu, ya siki, na ile ya dukani ndiyo zaidi. Nimeona sakafu za vyoo katika majumba haya zimebaki mawe matupu kwa sababu chokaa katikati yake ililiwa na dawa ya choo miaka na miaka, na maji yakashuka ukutani. Mji huu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sisi wenye ndoo tunaweza kuumaliza taratibu bila mtu kutuona. Kwa hiyo kuta na sakafu hapa ni sabuni laini na maji machache. Maji yenyewe yanakwenda wapi? Mengi ya Mji Mkongwe yanaishia baharini, pale pale watoto wanapoogelea jioni.

Saa 12:30 jioni

Nyumbani. Kila baada ya wiki mbili napika sabuni, na leo ndiyo zamu. Kilo moja ya mafuta ya nazi, kostiki (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 175 kwa mizani, maji mililita 350. Wajukuu wote ndani, mlango umefungwa. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, maana yataruka na kuunguza. Ikipoa namimina kwenye mafuta, nakoroga mpaka mwiko uache alama juu yake. Kesho nitaikata, kisha inakaa rafuni wiki nne mpaka ukali uishe.

Saa 3 usiku

Nimegeuza vipande vya mwezi uliopita, vimekauka vizuri, vimekuwa vyeupe kama nazi yenyewe. Kijana amenitumia ujumbe, anauliza mizani nilinunua wapi. Nimemjibu aje Jumapili, avae mikono mirefu.