Nilivyopima floraidi ya maji ya visima hapa Nakuru kwa elektrodi

Maji ya visima virefu upande huu wa Bonde la Ufa hudanganya macho. Hutoka safi, hayanuki, na kwa ladha huwezi kujua kuna nini ndani. Miamba yetu ni ya volkano, na maji yanayokaa ndani yake huwa na sodiamu nyingi na kalisi kidogo, hivyo floraidi, ambayo ikizidi hutia meno madoa, huyeyuka na kubaki humo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kilichonisukuma kutafuta kipimo cha kuaminika ni swali la mama mmoja wa Njoro aliyeleta maji yake kwenye maabara tunayofanyia kazi. "Kijana wangu, nachemsha maji kila siku, mbona meno ya watoto bado yana madoa?" Nilimjibu, "Mama, kuchemsha kunaua vijidudu tu. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki yote sufuriani." Lakini alitaka namba, na ilikuwa haki yake.

Tulikuwa tukitumia SPADNS, rangi nyekundu inayofifia kadiri floraidi inavyozidi, ambayo husomwa kwa spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwenye nanomita 570. Ni njia nzuri kwa maji yenye floraidi kidogo. Ikipita miligramu 2 hivi lazima uzimue sampuli, na magadi yaliyojaa katika maji yetu huvuruga rangi. Nikaamua kuhamia elektrodi ya floraidi, kijiti ambacho volti yake hubadilika kulingana na floraidi iliyomo majini. Ncha yake ni fuwele ya floraidi ya lanthani iliyotiwa yuropiamu kidogo, kifaa kilichoelezwa na Frant na Ross mwaka 1966, na kwangu mimi ni mojawapo ya vifaa maridadi kabisa katika kemia ya upimaji: fuwele ndogo inayopitisha ioni za floraidi na karibu hakuna nyingine.

Siri yote iko kwenye bafa, mchanganyiko unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike. Elektrodi huona floraidi iliyo huru tu. Ikishikwa na alumini au chuma, haionekani. Maji yakiwa na asidi nyingi, floraidi hugeuka HF (floraidi ya hidrojeni), nayo haionekani. Yakiwa na besi nyingi, hidroksidi huingilia na kuongeza kipimo. Kwa hiyo nilitengeneza bafa iitwayo TISAB: asidi asetiki kali mililita 57, chumvi ya kawaida gramu 58, na CDTA gramu 4, kemikali inayoshika metali, ambayo kazi yake ni kuzinyang'anya metali hizo floraidi. Unavichanganya katika nusu lita ya maji yasiyo na ioni, unatia hidroksidi ya sodiamu polepole huku chombo kikipoa ndani ya maji baridi, mpaka pH ifike kati ya 5.3 na 5.5, kisha unajaza hadi lita moja. Sampuli na bafa huwekwa kwa ujazo sawa, na viwango sanifu, yaani maji yenye floraidi ya kiasi kinachojulikana, vilevile.

Kwa viwango hivyo, miligramu 221 za floraidi ya sodiamu iliyokauka katika lita moja hukupa miligramu 100 za floraidi. Kutoka hapo nilizimua hadi 10, 1 na 0.5. Nilitumia bika za plastiki, kwa sababu floraidi kwenye asidi hula kioo. Nilianza na kiwango hafifu kwenda kikali, nikisuuza na kukausha ncha kwa karatasi laini kila mara, nikiitumbukiza kwa kuinamisha ili povu lisikwame.

Floraidi ikiongezeka mara kumi, volti ya elektrodi hushuka takriban milivolti 59 kwenye nyuzi 25 za selsiasi. Asubuhi za Nakuru ni baridi na tofauti hiyo hupungua, hivyo niliacha sampuli na viwango vikae pamoja mezani mpaka vilingane joto. Hapo ndipo namba zilipotulia. Kujihakikishia, niliongeza floraidi ya kiasi ninachokijua kwenye maji ya yule mama na kupima tena. Karibu yote niliyoongeza ilionekana kwenye kipimo. Maji yake yalikuwa na zaidi ya miligramu 4.

Sasa wenye visima wanaotumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi, huleta chupa mbili za plastiki, ya kabla na ya baada ya chujio. Ile ya baada ikianza kupanda kukaribia 1.5, mifupa imeshiba na inafaa kubadilishwa.