Nilivyookoa miche yangu ya mikaratusi kwa kuvu inayoua mchwa

Msimu wa kwanza mchwa walinimalizia nusu ya miche. Nilipanda mikaratusi 120 pembeni mwa shamba la mikorosho, Newala. Kufikia Aprili ilibaki 58. Mche uliosimama jana leo umenyauka, ukiuvuta unakuja mkononi bila mizizi.

Mtafiti mmoja akanipa pakiti ya mchele uliooteshwa kuvu iitwayo Metarhizium, punje zote za kijani kama zimeviringishwa kwenye unga wa mlonge. Si lazima mdudu aile. Chembe za kuvu hunasa kwenye ngozi ya mdudu, huota, hutoboa, humla ndani kwa ndani. Mdudu hufa baada ya siku kadhaa.

Mara ya kwanza niliiua mwenyewe. Bomba lilikuwa na mabaki ya dawa ya ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nami nikapulizia saa tano asubuhi, jua kali. Dawa ile kazi yake ni kuua ukungu, na kuvu ni jamii hiyohiyo. Jua nalo huziunguza chembe. Mchwa waliendelea kula. Iliniuma sana.

Mara ya pili nikatafuta bomba jipya. Nikapikicha mchele kwenye maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, maana bila sabuni chembe huelea juu kama vumbi, nikachuja kwa kitambaa. Nikangoja mvua ya Januari ilowanishe udongo, nikamwagia jioni kwenye mashimo, shinani, nikafukia.

Siku ya tisa nikafukua kando ya mche mmoja: mchwa wanne, wamekauka. Nikawaweka kwenye kifuniko cha chupa juu ya pamba iliyolowa maji, nikafunika. Siku chache baadaye nyuzi nyeupe zikachomoza kwenye maungio ya miguu, kisha zikawa kijani. Mama mkwe akainama kutazama. "Kumbe na mchwa nao wanaugua!"

Kichuguu sijakiua, wala usihangaike kukimwagia juu. Mchwa wakigundua mwenzao ameambukizwa humfukia au huziba njia. Mimi naulinda mche tu mpaka mizizi ishike. Msimu huu katika 120 imekufa 19, mingine kwa ukame.

Pakiti iliyobaki iko kivulini, karibu na mtungi wa maji. Kabla ya kupanda tena nitatia mchwa watano kwenye kopo pamoja na punje chache, nione kama bado ina uhai.