Kijani Kikikaa Juu

Chake Chake, 4 Januari

Jana jioni niliharibu vibendera kumi na viwili. Shangazi yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani hata kabla sijazaliwa, amepewa oda ya vibendera mia moja vya Zanzibar na muuza duka mmoja wa hapa mjini kwa ajili ya sherehe za Mapinduzi, nami kwa kuwa nimo likizoni nilijitolea kumsaidia kuunga vipande. Kazi yenyewe si ngumu: buluu juu, nyeusi kati, kijani chini, kisha kwenye kona ya juu, upande wa mlingoti, hushonewa bendera ndogo ya Jamhuri ya Muungano. Nilinogewa na mazungumzo, na kijani kikakaa juu. Shangazi alikinyanyua kimoja, akakitazama kwa muda, akasema, “Mwanangu, umeipindua bendera, na tarehe kumi na mbili bado haijafika.” Tulicheka mpaka jirani aliyekuwa akigeuza karafuu zake jamvini akaja kuuliza kuna nini.

Nilipokuwa nikifumua mishono nilijiuliza jambo ambalo miaka yote ya shule sikuwahi kujiuliza, nalo ni hili: nani aliyeamua kwamba buluu ikae juu? Darasani tulikariri kwamba buluu ni bahari, nyeusi ni watu na kijani ni ardhi na mimea, na kwa kuwa jibu hilo lilitupa alama, hatukuona haja ya kuuliza zaidi. Kumbe rangi hizo zilikuwa na mwenyewe kabla ya kuwa za nchi. Zilikuwa rangi za Afro-Shirazi, chama kilichoundwa Februari 1957, na hazikupanda mlingoti wa serikali ila baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964.

Zanzibar haiko peke yake katika hili. Kijani na nyeusi za Tanganyika zilitoka chama cha TANU. Nyeusi, nyekundu na kijani za Kenya zilitoka chama cha KANU, zikaongezwa mistari myeupe. Na Sudan Kusini, iliyopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, iliirithi bendera ya SPLM, chama kilichopigania uhuru huo. Taifa linapozaliwa halina kitambaa kingine mkononi. Siku ni chache, mlingoti unasubiri, na rangi ambazo watu wamekwisha kuandamana nazo ni zile za chama kilichoshinda. Kwa hiyo hukatwa humo humo. Ila anayekata bendera ya nchi kwenye kitambaa cha chama hukata pia na ugomvi wake, na yule aliyekuwa upande wa pili hutakiwa kuipigia saluti nguo ya mshindani wake na kuiita yake.

Kwa sisi wa Pemba maneno haya si nadharia. Katika uchaguzi wa 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote za Visiwani lakini viti 13 tu kati ya 31, na sehemu kubwa ya viti vya kisiwa hiki ilikwenda kwa vyama viwili vilivyounda serikali, ZNP na ZPPP. Miezi michache baadaye zikaja rangi ambazo wengi hapa hawakuzipigia kura. Marehemu babu yangu, mtu mpole asiyependa mabishano, mpaka uzeeni alikuwa akisema “bendera yao”, na nilipokuwa mdogo nilidhani anazungumzia nchi nyingine.

Nimewahi kusikia barazani hoja kwamba alama isiyo na chama ilikuwepo, nayo ni karafuu. Ni kweli kwamba bendera iliyopandishwa siku ya uhuru kutoka kwa Waingereza, tarehe 10 Disemba 1963, ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani katikati, na ndani ya duara karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Ilidumu mwezi mmoja na siku mbili. Naipenda kwa macho, nakiri, lakini sikubali kwamba haikuwa na upande. Nyekundu ile ilikuwa ya masultani, na karafuu yenyewe, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ilienea hapa karne ya 19 chini ya Sayyid Said kwa mikono ya watumwa waliopanda na kuchuma bila ya kuulizwa. Leo mtoto wa Pemba hukua akijua harufu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kabla ya kujua kusoma, na mkarafuu umo katika nembo ya taifa, miguuni pa wale bibi na bwana, sambamba na pamba. Mche uliotoka mbali ukaja kuwa wetu, lakini haukuwa wetu kwa kuchorwa.

Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964, kijani, nyeusi na njano za Tanganyika ziliunganishwa na buluu ya Zanzibar. Kwa jicho la fundi, naona aliyeikata bendera ile alikwepa tatizo kwa werevu: angezilaza rangi, angelazimika kumweka mmoja juu na mwingine chini, basi akazikata kwa mshazari. Hata hivyo ukiitazama vizuri utaona kwamba kijani ndicho kilicho juu, upande wa mlingoti, na buluu iko chini, upande wa pili. Zanzibar ikakaa bila ya bendera yake mpaka 2005, ilipopata hii tunayoishona, yenye buluu juu na bendera ya Muungano konani. Sasa naelewa kwa nini shangazi alikitazama kile kibendera kwa muda kabla ya kutania.

Babu hakuuona mwaka 2017. Machi ya mwaka ule Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Julai ikaondolewa, na Disemba timu yetu ikafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos, Kenya, ikatoka sare ya 2–2 na Kenya na kufungwa kwa penalti. Usiku ule mtaa mzima ulinyamaza kama wenye msiba, na waliokuwa wakilia walikuwa wajukuu wa wale waliosema “bendera yao”. Januari 2025, Zanzibar ilipoifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi hapa hapa Pemba, uwanjani Gombani, mdogo wangu alirudi nyumbani amejipaka usoni rangi zote tatu, jasho limezichanganya, na sikumsikia mtu akimuuliza zilitoka chama gani.

Sitaki kusema kwamba yamekwisha. Wapo wazee wanaotazama pembeni bendera ikipita, na nina heshima na ukimya wao.

Leo asubuhi tumemaliza sitini na tatu. Vibendera kumi na kimoja nimevifumua na kuvishona upya. Kimoja nguo yake ilichanika, hakishoneki tena. Shangazi amekitundika ukutani juu ya cherehani, kijani juu, ili nikiinua macho nikumbuke mpangilio.