Nilivyompata Shawish Murjan wa Kibra

Nilipokwenda kuomba kitambulisho, karani aliniuliza babu zangu walitoka wapi. Nikamjibu, Kibra, hapa Nairobi. Akataka karatasi. Sisi Wanubi, kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, tumelizoea swali hilo, lakini siku ile liliniuma, kwa sababu sikuwa na kitu mkononi ila hadithi za nyumbani: kwamba babu yake habuba, yaani bibi yangu, aliitwa Murjan, alikuwa shawish, yaani sajini, na alikuja kwa miguu kutoka Sudan.

Nikaanza na habuba mwenyewe. Alifungua sanduku lake, akatoa nishani iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Upande mmoja yuko Malkia Victoria, upande wa pili mwanamke amesimama na simba, na utepe wake nusu ni njano, nusu nyekundu. Habuba alitaka kuisugua kwa majivu na ndimu ing'ae, nikamshika mkono. Nishani za namna hii huchongwa jina kwenye ukingo, na kusugua ndiko kunakolifuta. Tulisogea mlangoni penye mwanga, nikaizungusha taratibu chini ya lenzi: namba, cheo, kisha jina, kisha Uganda Rifles, jeshi la Waingereza Uganda, kwa kifupi. Jina lilikuwa Morgan.

Nilidhani ni nishani ya mzungu! Usiku ule sikulala vizuri. Mwalimu wangu wa madrasa ndiye aliyenifungua macho: Wamisri husoma jimu kama g. Wanajeshi hawa walikuwa wa serikali ya Misri kule Equatoria, kusini mwa Sudan, chini ya gavana Emin Pasha, kabla Lugard, afisa Mwingereza, hajawachukua Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891 na kuwaleta Uganda. Kwa hiyo Murjan ni Murgan, na afisa Mwingereza akisikia Murgan anaandika Morgan. Ukitafuta babu yako, tafuta jina lake jinsi mgeni angelisikia.

Kosa langu jingine lilikuwa kumtafuta kwenye kumbukumbu za Kenya ya 1897. Eldama Ravine, mahali maasi ya askari wa Kisudani yalipoanzia mwaka huo, ilikuwa Uganda mpaka 1902. Orodha za waliopewa nishani ziko kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mafaili yenye alama WO 100. Nililipia nakala, na jina likawemo.

Lakini juu ya nishani kuna kipande cha madini ya fedha kilichoandikwa "Uganda 1897-98". Maana yake babu alipigana na walioasi, watu aliotembea nao miaka yote ile. Wale walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo unaochelewa. Nilimweleza habuba, akakaa kimya muda mrefu. Mimi simhukumu babu, ila siwezi kusimulia ushujaa wake bila kuwataja wale wengine.

Maisha yake baada ya bunduki niliyapata hapa hapa mjini, Makavazi ya Taifa, Moi Avenue. Ilinichukua Jumatano nyingi. Nilipekua mafaili ya ardhi ya Kibra, msitu ambao askari wastaafu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni) waliruhusiwa kukaa na kulima kuanzia 1904. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Hati tuliyopewa 2017 ni ya ekari 288. Kwenye faili moja palikuwa na barua ya wazee kuhusu mashamba yao, na chini yake safu ya alama za vidole gumba. Ya nne kutoka juu: Morgan, sajini mstaafu, Makina, kijiji cha Kibra. Mistari ya kidole inaonekana mpaka leo, imekatwa katikati na kovu.

Nilimpelekea habuba nakala. Aliweka kidole gumba chake juu ya kile cha babu yake, akakiacha hapo. Kisha akauliza kama wameandika na jina la bibi yake, aliyetembea safari ile ile akiwa na mtoto mgongoni.

Hawakuandika. Jumatatu naanza na daftari za ndoa.