Usiku taa za nyuma zilipozima Maji ya Chumvi

Hii ni ya 2008, mwezi wa nane, na mpaka leo nikipita ile barabara ya Voi usiku huwa natazama kioo cha nyuma mara mbili mbili. Gari yenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, ya mjomba wangu, kaka yake mama, injini silinda sita sisii 2393 na kabureta mbili, milango miwili, boneti refu kama jahazi. Mjomba alikuwa kibarua bandarini Kilindini, 1973, aliposikia kwenye redio ya Sauti ya Kenya kwamba Shekhar Mehta ameshinda mashindano ya magari ya Safari Rally na 240Z, tena walimaliza pointi sawa na Harry Källström ambae nae alikuwa kwa Datsun, ushindi ukaenda kwa Mehta. Miaka miwili kabla ya hapo Edgar Herrmann alikuwa ameshinda na gari hiyo hiyo. Mjomba anasema siku ile aliapa kwamba ipo siku ataimiliki moja, na akaimiliki kweli, miaka mingi baadae, mkononi mwa mtu, imeshachakaa viti lakini injini nzima. Macho yalipoanza kumsumbua, mtoto wa jicho, akanipa mimi funguo akaniambia uiendeshe isilale, gari ikilala inakufa.

Sasa tatizo lake lilikuwa hivi. Mchana gari haina neno kabisa. Usiku, ukishawasha taa ukaenda kama dakika ishirini, dashibodi inakuwa giza, husomi spidi wala nini, na taa za mbele zinabaki zinawaka lakini za manjano manjano kama za kibatari. Ukigonga dashibodi kwa ngumi mwanga unarudi. Ukisimama ukazima ukakaa robo saa, unarudi wenyewe. Mimi nikahesabu ni betri, nikanunua betri mpya Mwembe Tayari. Haikusaidia. Fundi mmoja akaniambia altaneta, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, nikabadilisha altaneta. Akaniambia ni ile regileta, inayodhibiti umeme wa altaneta, maana kwenye gari hii regileta iko nje ya altaneta, ni kidude cha peke yake, nikabadilisha nayo. Alafu yeye mwenyewe, bila kuniambia, akatoa fyuzi ya kioo ya taa ndogo akaweka kubwa zaidi, eti ile inaungua ovyo. Pesa nilizotumia hapo sitaki hata kuzikumbuka, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Nilichokuwa sijui ni kwamba dashibodi ikizima na taa za nyuma nazo zinazima. Zote zinakula fyuzi moja. Wewe uliye ndani utajuaje?

Nilijua usiku ule. Tulikuwa tunatoka Voi kurudi Mombasa mimi na mdogo wangu wa kike, tumechelewa, tumepita Samburu kama saa tatu usiku, malori kwa malori, vumbi la pembeni, hakuna mbalamwezi. Karibu na Maji ya Chumvi, kijiji cha barabara hiyo hiyo, dashibodi ikazima kama kawaida yake, nami nikaigonga kama kawaida yangu, safari hii haikurudi. Nikaendelea, nikasema si mbali Mariakani. Ghafla nikasikia honi ya lori nyuma yangu, honi ndefu, na taa zake zimejaa kioo chote, na breki zile za upepo zinalia, mdogo wangu akapiga kelele akashika mkono wangu. Nikatoka lami nikaingia kwenye changarawe. Lori likapita ubavuni, upepo wake ukaitikisa gari, likasimama mbele kabisa.

Dereva akashuka akaja na tochi. Nilijua atanitukana na angekuwa na haki yake. Akamulika nyuma ya gari, akanyamaza, akasema, "Kijana, wewe huna taa hata moja huku nyuma. Nimekuona ukiwa mita kumi." Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mimi yangu pia. Alafu yule mtu, Mungu amlipe popote alipo, akageuza mpango wake wote, akasema nitangulie polepole yeye atakaa nyuma yangu na indiketa zote zimewashwa mpaka mizani ya Mariakani. Na akafanya hivo. Kilomita zile zote lile lori la mizigo likitambaa nyuma ya kigari chetu. Tukalala Mariakani, tukaingia Mombasa asubuhi.

Nikaenda moja kwa moja Kisauni kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko hivo?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza kimya, kichwa ameinamisha kama anasikiliza injini, akaniuliza swali moja tu ambalo mafundi wote hawakuniuliza. "Taa zilipozima, mshale wa amita ulifanya nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Gari hii ina amita kwenye dashibodi, inaonyesha umeme unaingia kwenye betri au unatoka. Na kwa kweli nilikuwa nimeuona mshale mara nyingi, taa za mbele za lori au gari nyingine zikimulika ndani: taa zikizima ule mshale unaruka kidogo upande wa kuchaji alafu unarudi katikati. Nikamwambia.

"Basi altaneta umeinunua bure," akasema, "na betri pia. Kama umeme ungekuwa haba mshale ungeanguka upande wa kutoa. Umeruka juu kwa sababu kuna mzigo umeachwa ghafla. Umeme upo, umezuiwa njiani. Lete kigoda."

Naomba nieleze hapa vizuri maana ndio kiini cha yote. Mimi nilikuwa nimeshapima ile fyuzi na mita mara kadhaa, taa zimezimwa, nikapata volti 12 na pointi huku na 12 na pointi kule, nikasema iko sawa. Lakini waya au kiungo chenye kutu kinaweza kukuonyesha volti zote wakati hakuna kinachopita, mita yenyewe hainywi kitu. Ni kama mpira wa maji uliokunjwa, ukiziba mdomo wake kwa kidole presha utaisikia ni ile ile, fungua sasa uone maji yanavyotoka kinyonge. Lazima upime wakati taa zinawaka, mzigo uko juu. Na hupimi kutoka betri kwenda bodi, unaweka ncha moja ya mita kabla ya kiungo na nyingine baada yake, mita ikuambie pale katikati pamepotea volti ngapi. Kiungo kizima kinakuonyesha karibu sifuri.

Mjomba akanifanya niwashe injini, niwashe taa zote, tukae. Dakika kumi na tano tumekaa tu kwenye gari mlango wazi, yeye anauliza habari za shangazi zangu kana kwamba hakuna kazi. Alafu akaingiza mkono chini ya dashibodi kule katikati kwenye boksi la fyuzi, macho yake yakitazama nje barazani, maana yalikuwa hayamsaidii kitu, na akaanza kugusa fyuzi moja moja kwa mgongo wa kidole. Si ncha, mgongo, ule upande wa ukucha. Baridi. Baridi. Vuguvugu. Baridi. Kwenye ya nne akavuta mkono haraka.

"Hii hapa. Soma mita."

Nikaweka ncha mbili huku na huku kwenye klipu, kile kibati kinachoshika fyuzi. Volti 2 na pointi mbili. Zimepotea kwenye kitu kirefu kama ukucha wa mtoto. Taa zile ndogo zote pamoja zinavuta kama ampia tano, zidisha, unapata wati kumi na moja zinaungua kwenye kibati, ni kama umeficha balbu ndogo ya gari ndani ya plastiki ukaiacha inawaka. Ikipata moto klipu inatanuka, inaachia fyuzi, giza. Ikipoa inakaza tena. Ndio maana robo saa ya kupumzika ilikuwa inaniponya.

Tukalifungua boksi. Kwa mbele klipu ilikuwa inang'aa, wala usingeishuku. Nikaligeuza. Kwa nyuma, pale ribiti, ule msumari mdogo, inaposhika klipu na bati la waya, kulikuwa na duara la kijani limezungukwa na weusi, na plastiki imelegea imekuwa kahawia kama sukari ya kuungua. Chumvi ya bahari hiyo. Miaka thelathini na sita, mingi katika hiyo imeliwa na upepo wa pwani, na juu ya ribiti iliyooza mtu ameongeza fyuzi kubwa, kwa hiyo kile ambacho kingekatika mapema kwa usalama kikaachwa kichome nyumba yake. Nilikasirika sana, sifichi. Fyuzi ni mlinzi. Huwezi kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku.

Tulifanya hivi: nikakwangua ile ribiti kwa msasa mpaka shaba ikaonekana, nikalehemu kipande cha waya mnene kutoka klipu moja kwa moja hadi kwenye bati la waya ili umeme usipite tena kwenye ribiti, nikabana klipu kwa koleo, nikarudisha fyuzi ya saizi yake. Taa za mbele zilikuwa kesi nyingine, zile zilipoteza karibu volti tatu kati ya betri na balbu, sehemu kubwa kwenye swichi ya usukani maana umeme wote wa taa ulikuwa unapita humo, na kidogo kwenye ethi, zile waya za kurudisha umeme kwenye bodi, zilizoshika kutu. Volti zikipungua kama moja ya tano mwanga unabaki nusu hivi, ndio ule umanjano. Ethi nikazisafisha nikapaka vaselini, na wiki iliyofuata nikafunga rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme kidogo, swichi ya usukani ikabaki na kazi ndogo ya kuamsha rilei tu, umeme mzito ukatoka betri kwenda taa kupitia fyuzi zake.

Jioni ile ile tukajaribu. Jua limezama, adhana ya magharibi imekwisha. Nikawasha taa nikakaa kwenye usukani, mjomba akazunguka nyuma ya gari akipapasa bati kwa kiganja mpaka akafika mwisho. Nikamwuliza kwa sauti, "Mjomba, unaziona?" Hakunijibu. Nilipogeuka nikamwona amechuchumaa, ameweka viganja viwili juu ya vioo vyekundu, huku na huku, kama mtu anaota moto.

"Zinawaka," akasema.

Tukaziacha nusu saa nzima. Alafu akarudi mbele, akaingiza mkono kule chini, akagusa ile ya nne kwa mgongo wa kidole, akakiacha kidole palepale.

"Zima tukale," akaniambia.