Matunzo ya Mizinga Kabla Mikorosho Haijachanua

Kwetu Nachingwea, mkoani Lindi, mwaka wa mfugaji nyuki huanza pale mvua zinapokaribia kukatika, mwezi Aprili na Mei, wakati ufuta umemaliza kutoa maua na mbaazi ndiyo kwanza zinaanza. Anayesubiri mpaka mikorosho ichanue ndipo aikumbuke mizinga yake amechelewa. Nyuki mfanyakazi huchukua takriban siku 20 tangu yai kutagwa hadi kutoka kwenye kitundu chake, kisha hufanya kazi za ndani ya mzinga kwa wiki mbili au tatu kabla hajaanza kutafuta chakula nje. Kwa hiyo nyuki watakaokusanya mbochi, yaani maji matamu ya maua, ya mikorosho katikati ya Julai ni mayai yanayotagwa mwanzoni mwa Juni, na malkia hatagi kwa wingi katika mzinga wenye njaa au uliovamiwa.

Ndiyo maana kikundi chetu hukagua manzuki yote, yaani maeneo tulikoweka mizinga, kipindi hiki, jioni jua likiwa limepungua makali. Moshi kidogo hutangulia, kisha kifuniko kilichogandishwa kwa gundi ya nyuki huachia kwa mlio mkavu, na viunzi huinuliwa kimoja kimoja pasipo haraka. Kinachotafutwa si asali, ni majana, yaani watoto wa nyuki wanaokua ndani ya sega. Sega zuri la majana limezibwa kwa vifuniko vya rangi ya kahawia vilivyopangana karibu bila mapengo, na pembeni yake kuna chavua ya njano na ya chungwa. Sega lililotobolewa na kujaa utando kama wa buibui limeshaingiliwa na nondo wa nta. Hilo huondolewa na kuyeyushwa. Kulitupa chini ya mzinga ni kuwakaribisha siafu na nyegere. Baada ya hapo waya za kuning'inizia hupakwa grisi, na nyasi hufyekwa kwa upana wa kutosha kuzuia moto, kwani mioto ya kiangazi haiko mbali.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni dawa za mikorosho. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado upo, ili kudhibiti ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, na hakuna mfugaji nyuki mwenye akili timamu atakayemwambia jirani yake aiache, kwa kuwa korosho ndiyo inayosomesha watoto wa mkoa huu. Lakini sumu ya kuua mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi yake, ni suala jingine. Ikipulizwa saa tano asubuhi, maua yakiwa yamejaa nyuki, kundi linaweza kupoteza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake kwa siku moja. Ikipulizwa jioni nyuki wakiwa wamesharudi, madhara hupungua sana.

Basi kabla ya msimu tunawatembelea wenye mashamba walio jirani na manzuki, tukiwaomba watupe taarifa siku moja kabla. Mama mmoja mwenye shamba kubwa alituuliza, "Wanangu, nami nafaidika nini na nyuki wenu?" Lilikuwa swali la haki. Tulimwonyesha shada la maua mtini pake: yapo maua dume na yapo yenye jinsia zote mbili, na chavua yake hunata, haipeperushwi kirahisi na upepo, hivyo inahitaji mdudu wa kuihamisha. Tangu hapo hutuma mjukuu wake kutuarifu kabla hajapuliza.

Mikorosho ikimaliza, msitu wa miombo hupokea zamu kuanzia Septemba: miyombo na mininga huchanua kabla ya mvua. Kiangazi hicho tunaweka vyombo vya maji vyenye vijiti vya nyuki kutua, maana vijito vingi hukauka. Wakati wa kurina, tunakata masega yaliyozibwa nta pekee. Sega ambalo halijazibwa, likitikiswa na kudondosha matone, hurudishwa mzingani kwa sababu asali yake bado ina maji mengi na itachacha. Masega yaliyo karibu na majana hatuyagusi, hata mnunuzi akiwa amesimama na ndoo tupu, kwa kuwa mvua kubwa za Januari na Februari huwafungia nyuki ndani, na akiba hiyo ndiyo inayowazuia wasihame mzinga.