Kutoka Igumbilo hadi Kitulo kwa njia ya kona 57

Basi la Mbeya lilitoka stendi ya Igumbilo, Iringa, saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa pili. Anayekwenda Kitulo, hifadhi ya maua iliyo juu ya mlima, kwa njia hii hakati tiketi ya Mbeya, anakata ya Chimala, ndipo kona zinapoanzia. Na mzigo wake auweke buti la pembeni, karibu na mlango wake. Chimala basi husimama dakika chache tu, na begi likishafunikwa na magunia ya abiria wa Tunduma, kulitoa ni ugomvi na konda.

Ni kilomita 260 hivi za lami. Kituo cha kwanza chenye maana kwa mgeni ni Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, penye nguzo za mchanga zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale. Pako jirani na barabara kuu, na bajaji ya kukodi inatosha kumfikisha mtu. Baada ya hapo lami haina ukarimu tena. Mafinga na misonobari ya Sao Hill, kisha Makambako, kwenye baridi na foleni ya malori mizani.

Makambako ndipo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyopanda kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja, inapokutana na barabara, na kutoka hapo zinaandamana kuelekea mpakani. Hapa ndipo pa kuielewa nyanda za juu kusini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipitia huko, ikalazimika kutafuta njia nyingine ya baharini. TAZAMA, bomba la mafuta la Tanzania na Zambia, likaanza kazi 1968, barabara ikatiwa lami, na reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Vyote vilifuata shaba na mafuta. Hakuna aliyechora mstari akimfikiria mtu anayetaka kuona maua au tembo. Ndiyo maana lango la Hifadhi ya Ruaha liko zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa mjini, na Kitulo iko juu ya ukuta wa mlima, huku malori yakipita chini bila kujua. Utalii wa kusini unaishi kwenye michepuko, na mchepuko ndio unaoamua nani afike.

Ruaha angalau ina bahati ya msimu. Wanyama hukusanyika mtoni Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, na barabara ya vumbi inapitika. Kitulo ni kinyume kabisa. Maua yake, pamoja na aina zaidi ya 40 za okidi, huchanua kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua inayoyafungua ndiyo inayoibomoa barabara. Atakayekwenda Agosti atapita vizuri na kukuta nyasi.

Chimala tulikodi Land Cruiser. Kuna Noah na pikipiki zinazopanda Matamba, na siku kavu zinafika, lakini mwezi wa pili kodi gari linalovuta magurudumu manne, na kabla ya kupatana bei lichungulie: tairi la akiba lina upepo? Jeki ipo? Koleo je? Kamba ya kuvutia? Jaza mafuta hapohapo, maana juu usitegemee zaidi ya petroli ya chupa. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo omba namba ya malipo na ulipe ukiwa bado una mtandao.

Kona zinahesabiwa 57, na nyuma yako bonde la Usangu linazidi kuwa pana kila unapogeuka. Mlima huu unawaharibia watu magari kwa sababu moja kubwa: wanachelewa kubadilisha gia. Ingia gia nzito mapema, kabla ya kona, kwa sababu gari likizima katikati ya kona kwenye udongo mwekundu uliolowa, linarudi nyuma kabla halijashika tena. Kwenye tope dereva wetu alipunguza upepo wa matairi kutoka PSI 35 hadi 25 ili yakanyage kwa upana. Piga honi kabla ya kona usiyoiona mbele. Anayepanda apishwe.

Kona ya ishirini na kitu tulikutana na Fuso la viazi.

“Shikamoo mzee. Juu kukoje?”

“Marahaba. Kumenyesha usiku, lakini jua limeshaanza kukausha. Nenda taratibu.”

Malori hayo ya viazi ndiyo maisha ya Matamba, na ndiyo pia yanayochimba mikondo barabarani. Usiyafuate kwa karibu yanaposhuka. Breki zikichemka utasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Dereva mzoefu husimama na kuziacha zipoe zenyewe. Anayezimwagia maji anaweza kupasua chuma.

Matamba ni mji mdogo wa kupata chai ya moto na koti. Kutoka hapo unapanda hadi uwanda wenyewe, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ghafla hakuna mti: nyasi, ukungu, na maua ya njano, meupe na zambarau hadi macho yanapoishia. Hifadhi ilitangazwa 2005. Inaumiza kujua kwamba viazi vya okidi hizi huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Kwa miaka mingi njia za huku zimemtumikia mchuuzi wa viazi hivyo kuliko mtalii.

Hatukurudi kwa kona 57. Kushuka kwenye tope ni hatari kuliko kupanda, basi tulivuka uwanda kuelekea magharibi hadi Isyonje, kwenye lami ya Mbeya na Tukuyu. Hapo matairi yalijazwa upepo kwanza, kwa sababu tairi legevu kwenye lami huchemka na kupasuka. Kushoto ni Tukuyu, Daraja la Mungu na Kyela. Kulia ni Uyole. Daladala za pande zote mbili husimama palepale njia panda.